Stoo ya Uani: Fedha ya Kwanza ni ya Sakafu

Leo tunakwenda nyuma ya nyumba, kwenye kile kijengo kidogo ambacho wengine hukiita stoo, wengine banda, wengine ghala: mahali pa majembe, baiskeli, magunia ya mahindi, mkaa, mifuko miwili ya saruji iliyobaki ujenzini, na vile vitu ambavyo hakuna anayevitumia wala anayethubutu kuvitupa. Mwenye nyumba anapoamua kukijenga, swali la kwanza analomuuliza fundi ni lipi? Mnalijua. Anauliza: bati ngapi? Kisha geji gani, rangi gani, na siku hizi zinauzwaje. Paa linajadiliwa mpaka jua linazama. Na sakafu, je? Sakafu itaangaliwa baadaye, pesa ikibaki. Na pesa haibaki. Hoja yangu leo ni moja, nami nitairudia bila aibu, maana anayesikiliza redio hawezi kufungua ukurasa wa nyuma: kwenye stoo ya uani, fedha ya kwanza ni ya sakafu. Paa lifuate.

Tumtazame kwanza adui mwenyewe, yaani maji. Maji huingia stoo kwa njia tatu: huanguka kutoka juu, hurushwa na upepo ubavuni, na hupanda kutoka chini. Haya ya juu ndiyo tunayoyaogopa, kwa sababu hayajifichi. Bati likitoboka, tone linakudondokea kichwani, unatafuta ndoo, na kesho yake fundi yuko juu ya paa anaziba. Paa bovu hujishtaki lenyewe. Sakafu mbovu haijishtaki. Udongo una vijitundu vidogo sana, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, taratibu, mchana na usiku, hata wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Juu unauona udongo mkavu, umefagiliwa, unang'aa. Chini yake unyevu unaendelea kupanda, na ukifika juu unageuka mvuke na kutawanyika hewani. Kwa hiyo ule ukavu tunaouona kwenye sakafu ya udongo mara nyingi una maana kwamba maji yanaondoka kwa kasi ileile yanayokuja nayo. Sasa weka gunia la mahindi juu yake. Umeziba njia ya kutokea. Maji yataishia wapi? Ndani ya gunia.

Kama huniamini, na una haki ya kutoniamini, liko jaribio lisilo na gharama. Chukua kipande cha nailoni isiyopitisha maji, upana wa mkeka mdogo hivi, ukitandike juu ya sakafu ya udongo jioni, kisha ukandamize kingo zake zote kwa mchanga au mawe ili hewa isipite. Asubuhi kifunue. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, au udongo umebadilika rangi na kuwa mweusi zaidi, hayo maji hayakutoka kwenye paa. Yametoka ardhini. Jaribio hili lifanyeni hata kwenye sakafu ya saruji ambayo hamjui ilijengwa vipi, ila hapo iacheni nailoni siku nzima na usiku wake kabla ya kuifunua. Nasisitiza sakafu ya saruji kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba saruji ikishamwagwa basi unyevu umekwisha. Sivyo. Zege nalo lina vijitundu, na lisipowekewa kizuizi chini yake, maji hupanda ndani yake pia, ila kwa uchache na kwa uvivu zaidi.

Hapa ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu hata ugonjwa tunaoubambikia paa mara nyingi ni wa sakafu. Mnajua lile jambo la bati kutoa jasho? Wasikilizaji wa nyanda za baridi, wa Makete, wa Lushoto, wa Limuru, wanalijua vizuri. Usiku hauna wingu, mvua haijanyesha, na asubuhi unafungua stoo unakuta matone yananing'inia chini ya bati na mengine yameshadondokea magunia. Mwenye stoo anaita fundi, fundi anapanda, anatafuta tundu, halioni. Haoni kwa sababu halipo. Bati hupoa haraka sana usiku likiwa limetazama anga tupu, likawa baridi kuliko hewa iliyo ndani. Mvuke uliomo ndani ukigusa bati hilo, unageuka maji. Sasa jiulize, mvuke huo umetoka wapi ndani ya kijengo kilichofungwa kufuli, kisicho na jiko wala mtu? Sehemu yake imetoka kwenye mahindi yenyewe, hasa kama hayakukauka sawasawa. Sehemu nyingine imeingia na hewa ya nje. Lakini kama sakafu ni ya udongo, kuna chemchemi isiyokauka chini ya miguu yako, inayoleta mvuke kila saa. Unaweza kubadilisha bati mara tatu na jasho likabaki. Ongeza matundu ya hewa karibu na paa, ndiyo, yanasaidia sana. Ila ziba na chemchemi.

Madhara yake tunayafahamu, ingawa hatuyahesabu pamoja. Jembe linaota kutu. Mfuko wa saruji uliolazwa chini unageuka jiwe la kilo 50, na hapo ndipo mtu anaposema dukani waliniuzia saruji mbovu. Mchwa hupenda udongo wenye unyevu, hivyo sakafu ya udongo ni mlango wao wa mbele, na panya naye huchimba anapopenda. Kwenye chakula hasara ni kubwa zaidi. Wataalamu wa kilimo hushauri mahindi ya kuhifadhi yawe na unyevu wa asilimia 13 hivi. Yakizidi hapo, ukungu hupata nafasi, na ukungu mmojawapo ndio unaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba walioathirika walikuwa, zaidi ya wenzao, wamehifadhi mahindi yakiwa na unyevu ndani ya nyumba badala ya kwenye maghala. Sisemi kwamba sakafu peke yake iliwaua watu wale. Ukaushaji shambani na hali ya hewa vina sehemu yao kubwa, na sakafu nzuri kuliko zote haiwezi kuyaponya mahindi yaliyoingia yakiwa mabichi. Ninachosema ni hiki: aliyekausha mahindi yake kwa jasho halafu akayalaza juu ya udongo, ameanza kuyalowanisha upya.

Najua yupo anayesema hapo alipo: mbona wazee wetu walihifadhi nafaka miaka na miaka, na saruji hawakuwa nayo? Ni pingamizi zuri, tena ndilo linalonisaidia kuliko yote. Wazee walijenga vihenge. Kihenge kilikaaje? Kilikaa juu ya nguzo au juu ya mawe, kimeinuliwa kutoka ardhini, hewa inapita chini yake. Na paa lake lilikuwa la nini? Nyasi tu, zilizoezekwa kama kofia, zikichakaa zinabadilishwa. Yaani wazee walipogawa nguvu zao, mbao ngumu na kazi ya kufikiri waliziweka chini, na juu wakaweka kitu chepesi cha kubadilisha baada ya misimu michache. Sisi tumegeuza. Tumeweka bati la bei kali juu na udongo mtupu chini, kisha tunawasingizia wazee. Mwingine atasema, lakini nyumba nyingi zina sakafu ya udongo na watu wanaishi humo vizuri. Wanaishi, kwa sababu nyumba ina watu: mlango unafunguliwa alfajiri, moto unawashwa, sakafu inafagiliwa na kukandikwa, kitu kikilowa kinaonekana siku hiyohiyo. Stoo inafungwa Jumatatu na kufunguliwa unapohitaji sululu.

Basi tuje kwenye sakafu yenyewe. Kwa stoo ya vitu vizito au ya nafaka, nachagua zege, na nachagua kuliinua. Sakafu ya ndani iwe juu ya uwanja wa nje kwa angalau inchi 6, ili maji ya masika yanapotapakaa uani yasiwe na njia ya kuingia. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, jaza mawe na moramu, shindilia mpaka mguu usiache alama, kisha mchanga mwembamba wa kulainisha, kisha nailoni nzito ya ujenzi, kisha ndipo umwage jamvi, yaani zege la sakafu. Ile nailoni ndiyo roho ya kazi, nayo ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti, kwa kuwa haionekani tena zege likishamwagwa na hakuna jirani atakayeisifia. Isimamie mwenyewe. Hakikisha vipande vimepandana vizuri, na kwamba kingo zimekunjwa juu ukutani, na kwamba hakuna aliyeitoboa kwa koleo. Zege la inchi 4, kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, linatosha stoo ya kawaida. Na limwagiliwe maji kwa siku 7. Fundi mwenye haraka atakwambia siku mbili zinatosha. Mlipe kwa upole, kisha umwagilie mwenyewe. Penye udongo mweusi unaonata, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, usimwage kabla ya kuuchimbua na kuleta kifusi kizuri, la sivyo zege litafuata nyufa za ardhi. Na hata ukimaliza yote hayo, magunia yapange juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta.

Sasa paa, maana sijasema lisahaulike. Nimesema lifuate. Na sababu yangu kubwa ni hii: paa la stoo ndogo linaweza kubadilishwa kwa siku moja. Unang'oa misumari, unashusha bati, unapandisha jipya, na magunia yamebaki mahali pake yamefunikwa turubai. Sakafu, je? Ili uibadilishe ni lazima utoe kila kitu, uvunje, ujaze, umwage, usubiri. Kwa kweli hakuna anayefanya hivyo. Sakafu uliyoanza nayo ndiyo utakayokufa nayo. Chenye kubadilika kwa urahisi kinaweza kuanza kidogo. Na bati lenyewe, ukitazama asili yake, halikuzaliwa kuwa fahari. Bati la migongo lilisajiliwa mwaka 1829 na Henry Robinson Palmer, mhandisi wa kampuni ya gati za London, na miongoni mwa majengo ya kwanza kuezekwa nalo lilikuwa banda la kuwekea bidhaa bandarini pale pale. Miaka michache baadaye, mwaka 1837, Stanislas Sorel huko Ufaransa akasajili njia ya kulivisha chuma koti la zinki lisiote kutu. Faida ya migongo ni kwamba bati jembamba linapata ukakamavu, hivyo huhitaji mbao nyingi kulibeba. Liliumbwa kwa mabanda. Sijui tulifikaje mahali ambapo stoo ya mkaa inavalishwa bati la msauzi la rangi ya damu ya mzee ili ifanane na nyumba kubwa, huku ndani watu wanakanyaga vumbi.

Mkinunua bati, kumbukeni kwamba geji inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linapungua unene. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Kwa stoo, geji 30 inakubalika kwangu, ikiwa mbao za papi hazikuachana sana. Na pima stoo yako kwa bati, usipime bati kwa stoo. Bati nyingi za kawaida huuzwa kwa urefu wa mita 3. Ukijenga stoo ambayo kina chake pamoja na vibaraza vya paa hakizidi hapo, bati moja linafunika kutoka juu mpaka chini bila kiungo, na kiungo kisichokuwepo hakivuji. Paa liwe la upande mmoja, lenye mwinamo wa kutosha, linaloelekeza maji mbali na mlango na mbali na nyumba. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, isipigwe bondeni maji yanakopita. Na vibaraza virefushwe, hata futi 2 pande zote. Hilo la vibaraza msilipuuze, kwa sababu linarudi kulekule kwenye hoja yetu: maji yanayomwagika karibu na ukuta huingia ardhini hapo hapo, na kesho yanapanda kwenye sakafu. Kibaraza kirefu, au mfereji wa kuyapeleka maji kwenye pipa, ni sehemu ya sakafu iliyowekwa juu.

Wasikilizaji wa pwani mna habari yenu peke yenu. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hulila koti la zinki kwa haraka. Bati ambalo bara lingekaa miaka mingi, ufukweni linaanza kutoa wekundu mapema. Huko bati lenye koti la mchanganyiko wa alumini na zinki, ambalo alumini yake ni zaidi ya nusu, linastahimili zaidi, ingawa na lenyewe lisilazwe juu ya saruji mbichi kwa kuwa saruji huila alumini. Au ezekeni makuti. Makuti hayatoi jasho, yanapoza ndani, na yanapatikana kwa jirani. Yanadai mwinamo mkali, yanadai kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na yanaogopa moto. Stoo ya makuti isiwekwe petroli wala isikae karibu na jiko. Lakini mnaona tena: ni paa la kubadilisha, na kwa hiyo linaendana na hoja. Jambo moja ni la hatari na nitalitaja bila mzaha. Stoo nyingi huezekwa kwa vifaa vilivyong'olewa kwenye majengo ya zamani, na kati ya vifaa hivyo yamo mabamba ya kijivu ya asbestosi. Msiyakate, msiyatoboe, msiyasugue, msiyachukue hata mkipewa bure. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu baada ya miaka mingi, na saratani ni mojawapo ya matokeo yake. Kenya inaihesabu asbestosi kuwa taka ya hatari, nami sioni sababu ya kuitunza uani popote pale.

Mpaka hapo nadhani yupo anayenyoosha kidole: wewe unasema sakafu kwanza, lakini upepo ukiling'oa paa lako la bei nafuu, sakafu yako nzuri itageuka bwawa. Ni kweli. Ila paa halitoki kwa sababu bati ni jembamba tu. Mara nyingi linatoka kwa sababu halikufungwa. Upepo hauligandamizi paa chini, unalinyanyua. Mbao za paa zikifungwa kwa nondo nyembamba au waya imara uliotoka ndani ya ukuta, na ukuta ukafungwa kwenye msingi, bati la kawaida litakaa. Zikishikwa kwa msumari mmoja, hata bati nene litapaa, tena likipaa ndilo la kuogopa zaidi. Waya na nondo chache gharama yake ni ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya geji moja na nyingine. Kwa hiyo pingamizi hili linatudai kufunga paa vizuri, na hilo nalikubali lote. Halitudai kuhamisha fedha ya sakafu.

Pingamizi la mwisho ndilo zito, na limebebwa na wengi: mimi ni mpangaji, au kiwanja si changu, au saruji siiwezi mwaka huu. Nimwage zege kwenye uwanja wa mtu? Hapana, usimwage. Ninaposema fedha ya kwanza iende chini sikusema lazima iwe saruji. Inua sakafu kama kihenge. Tafuta matofali au mawe ya kusimamishia, pitisha mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, juu yake panga mabanzi au mbao za paleti, na acha nafasi ya shubiri mbili chini ili hewa ipite na uweze kuchungulia mchwa wakianza kupanda na vichuguu vyao. Usizibe hiyo nafasi kwa takataka, maana utawajengea panya. Kama hata mbao haziwezekani, basi mwaga moramu, shindilia, tandika nailoni, na uweke chaga juu ya nailoni. Ni ya muda, lakini inakata ule utambi. Juu weka bati chakavu uliloziba matundu yake, ukalifunga kwa waya. Siku mwenye kiwanja akikwambia uhame, misumari inang'oka, bati linafungwa kamba, mbao na chaga zinapanda mkokoteni, na kule uendako stoo yako inasimama tena kabla ya jioni.